Karl Jansky, fundi wa telefoni aliyezungusha antena akasikia mawimbi ya nyota

Tarehe 5 mwezi wa tano mwaka wa 1933, wasomaji wa gazeti New York Times kule Marekani walikuta kwenye ukurasa wa kwanza habari ambayo haikufanana na zile za kila siku. Kijana mmoja wa miaka 27, mfanyakazi wa maabara ya kampuni ya telefoni, alikuwa amenasa mawimbi ya redio ambayo hayakutoka kituo chochote cha duniani. Hayakutoka kwenye radi, wala kwenye jua. Yalitoka mbali kuliko hapo, upande wa katikati ya lile kundi kubwa la nyota ambamo jua letu nalo ni nyota moja tu kati ya nyingi.

Kijana huyo aliitwa Karl Guthe Jansky. Hakuwa mtu wa kuchunguza nyota, na hakuna aliyemtuma kuzichunguza. Alikuwa amepewa kazi ya kutafuta nini kinachoharibu maongezi ya telefoni kati ya Marekani na Ulaya. Chombo chake kilikuwa antena ya mbao na mabomba, iliyowekwa juu ya magurudumu ya gari, ikizunguka polepole katika shamba.

Yeyote hapa kwetu aliyewahi kupanda juu ya mabati kugeuza antena ya televisheni siku ya mpira, huku mwingine ndani ya nyumba akipiga kelele kwamba picha imekuja au imepotea, anajua tayari nusu ya kazi ya Jansky. Nusu ya pili ni uvumilivu, na hiyo ndiyo ilikuwa ngumu.

Mtoto wa profesa

Jansky alizaliwa tarehe 22 mwezi wa kumi 1905 huko Norman, Oklahoma, wakati eneo hilo lilikuwa bado halijafanywa jimbo la Marekani. Baba yake, Cyril Jansky, alikuwa profesa wa mambo ya umeme, mtu wa ukoo uliotoka nchi ya Wacheki. Jina la pili la mtoto, Guthe, lilikuwa la profesa wa fizikia aliyemfundisha baba. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kijana alibeba sayansi kwenye jina lake. Alikuwa wa tatu kati ya watoto sita.

Baadaye familia ilihamia Madison, Wisconsin, baba akafundisha katika chuo kikuu cha pale. Kaka yake mkubwa, aliyeitwa Cyril kama baba, aliingia mapema katika kazi ya redio, ikiwa ingali kitu kipya ambacho watu wengi hawajakisikia. Karl naye akasoma fizikia katika chuo hicho hicho na kumaliza mwaka wa 1927. Alipenda michezo. Alicheza hoki ya barafuni kwa chuo chake, mchezo wa mbio na wa kugongana miili.

Ilikuwa katika miaka hiyo ya masomo madaktari walipomkuta na ugonjwa wa mafigo. Leo mgonjwa wa namna hiyo anaweza kusafishwa damu kwa mashine, na wengine wanapewa figo la ndugu. Wakati ule hakukuwa na mashine wala upasuaji wa namna hiyo. Mgonjwa alipewa mashauri juu ya chakula na kupumzika, akarudi nyumbani na ugonjwa wake. Jansky aliishi nao zaidi ya miaka 20, na kila kitu alichofanya katika maisha yake ya kazi kilifanywa na mtu anayejua kwamba mwili wake una deni.

Mwaka wa 1928 aliomba kazi Bell Telephone Laboratories, maabara kubwa ya kampuni iliyoshika telefoni za Marekani. Afya yake ilikuwa karibu kumfungia mlango. Kaka yake, ambaye alifahamiana na watu wa kule, alimsemea, na mwishowe akapokelewa. Lakini hawakumweka ndani ya jiji la New York. Walimpeleka mashambani, jimbo la New Jersey, kwanza Cliffwood, kisha tangu 1930 Holmdel, penye hewa nzuri na utulivu.

Sioni vibaya kusema wazi kwamba ugonjwa ndio uliompeleka mahali palipomfaa. Katikati ya jiji, penye tramu, mota na nyaya za umeme kila upande, sauti dhaifu aliyokuja kuisikia ingefunikwa kabisa. Holmdel palikuwa na mashamba ya viazi na ukimya.

Maongezi ya dola 75

Ili kuelewa kazi aliyopewa, tukumbuke telefoni ya wakati ule. Tangu 1927 mtu aliweza kuwa New York na kuongea na mwenzake aliye London bila waya chini ya bahari, kwa mawimbi ya redio. Dakika tatu za kwanza zililipwa dola 75, pesa nyingi sana kwa wakati huo. Mteja anayelipa hivyo hataki kusikia mikwaruzo masikioni. Kampuni ilikuwa inahamia kwenye mawimbi mafupi, ambayo yanasafiri mbali kwa nguvu ndogo, na ilitaka kujua mapema: mikwaruzo inatoka wapi? Ukijua upande inakotoka, unaweza kujenga antena ya kupokea ambayo haisikilizi upande huo.

Mkubwa wake wa kazi, Harald Friis, mhandisi aliyezaliwa Denmark, akamkabidhi swali hilo. Jansky alijenga antena yenye urefu wa karibu mita 30 na kimo cha mita 6 hivi. Umbo lake lilikuwa kama fremu ya nyumba isiyo na kuta wala paa: mbao za kushikilia, na mabomba ya shaba ya manjano yaliyopindwa kwa mpangilio. Chini aliweka magurudumu manne ya gari Ford Model T, yanayotembea juu ya njia ya duara. Mota ndogo na mnyororo viliisukuma, ikamaliza mzunguko mmoja kila dakika 20, yaani mara tatu kwa saa, mchana na usiku. Wenzake wa kazi waliicheka kidogo na kuibatiza jina la mchezo ule wa watoto wa kupanda farasi wa mbao na kuzungushwa.

Kwa nini izunguke? Antena ya waya mmoja uliosimama husikia pande zote sawa. Itakuambia sauti ipo, haitakuambia inatoka wapi. Lakini ukipanga vipande vingi vya bomba kwa vipimo sahihi, wimbi linalokuja kutoka upande mmoja linafika kwenye vipande vyote kwa mpangilio unaoongeza nguvu, kama watu wanaovuta kamba kwa wakati mmoja. Wimbi linalokuja kutoka upande mwingine linawafikia kwa kupishana, huyu anavuta wakati yule anaachia, na nguvu inapotea. Antena ya namna hii ina uso. Ukiigeuza polepole na kuandika nguvu ya sauti kila wakati, kalamu itapanda uso unapoelekea chanzo, kisha itashuka. Pale ilipopanda zaidi ndipo chanzo kilipo.

Jansky alifanya hivyo hasa. Pembeni ya antena kulikuwa na kibanda, na ndani yake mashine yenye kalamu iliyochora mstari kwenye karatasi inayotembea. Alipokea masafa ya megahezi 20.5, wimbi la urefu wa karibu mita 14.6. Ndiyo maana antena ilikuwa kubwa vile: ili kutofautisha pande, chombo lazima kiwe kikubwa kuliko wimbi lenyewe. Na bado haikuwa kali kama tochi. Ilisikia kipande kipana cha upeo kwa wakati mmoja.

Sauti ya tatu

Karatasi zilipojaa, aligawa kelele katika mafungu matatu. La kwanza lilikuwa radi ya karibu, vishindo vikali vinavyokuja na kupita. La pili lilikuwa radi ya mbali, dhaifu zaidi, iliyofika baada ya kuruka kati ya ardhi na tabaka za juu za hewa. Hayo mawili yalitosha kujibu swali la kampuni.

La tatu halikuwa na mikwaruzo. Lilikuwa mlio wa chini, wa kuendelea, kama maji yanayochemka kwenye sufuria iliyofunikwa. Lilikuwa dhaifu, na halikuharibu maongezi ya mtu. Mhandisi mwingine angeandika mstari mmoja katika ripoti na kuendelea na mengine, na hakuna ambaye angemlaumu. Jansky aliona kwamba mlio huo unatembea. Asubuhi ulikuwa upande mmoja, baadaye ukawa upande mwingine, ukizunguka upeo kila siku. Kitu kinachotembea hivyo, wazo la kwanza la kila mtu ni jua.

Mwanzoni mwa 1932 hesabu zilikubaliana na wazo hilo. Upande wa mlio na upande wa jua vilikuwa karibu sana. Lakini aliendelea kuandika, na miezi ilivyopita viwili hivyo vikaanza kuachana. Mlio uliwahi. Mwezi baada ya mwezi ulifika upande ule ule mapema zaidi, hadi ukawa unasikika wakati jua liko mahali pengine kabisa.

Alipopima vizuri, akakuta mlio haurudi baada ya masaa 24. Unarudi baada ya masaa 23 na dakika 56. Kwa mtu wa telefoni, dakika nne hizo hazina maana. Alikuwa na rafiki wa kazi, A. M. Skellett, aliyekuwa pia anasoma elimu ya nyota, na katika maongezi yao maana ikajitokeza. Dunia inajizungusha yenyewe, na wakati huo huo inatembea kulizunguka jua. Kwa sababu ya mwendo huo wa pili, nyota yoyote huchomoza dakika nne mapema kuliko jana yake. Kwa mwezi ni masaa mawili, na kwa mwaka mzima inarudi ilipoanzia. Chochote kinachorudi baada ya masaa 23 na dakika 56 hakifuati jua. Kiko kati ya nyota.

Na kwa nini mwanzoni kilionekana kuwa jua? Kwa sababu mwisho wa mwezi wa kumi na mbili jua linapita mbele ya sehemu ile ile ya mbingu. Mtu aliyepima miezi miwili na kufunga daftari angeandika jibu la uongo kwa nia njema. Jansky aliandika mwaka mzima.

Hapa kuna jambo ambalo naona linastahili kuelezwa polepole. Antena yake iliweza kugeuka kushoto na kulia tu. Haikuinuka wala kuinama. Kwa magurudumu peke yake angejua kama chanzo kiko kusini au mashariki, asijue kiko mahali gani pa mbingu. Sehemu iliyobaki aliipata kutokana na mwendo wa dunia yenyewe, ambayo ilibeba shamba, kibanda na antena na kuvizungusha chini ya nyota kila siku. Kwa kulinganisha upande na saa, siku baada ya siku, alipata nukta moja juu ya ramani ya mbingu.

Nukta yake haikuwa kamili. Kipimo kimoja kilikuwa kizuri, cha pili kilikosea karibu nyuzi 20, na yeye mwenyewe aliandika wazi kwamba kosa linaweza kufika nyuzi 30. Lakini ilitosha. Ilielekea kundinyota la Mshale, upande ambao watu wa elimu ya nyota walikuwa wameshakubali kwamba ndiko iliko katikati ya Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota unaokata mbingu usiku usio na mwezi.

Kutoka New Jersey sehemu hiyo hupita chini, karibu na upeo wa kusini. Sisi wa Goma, Bukavu au Uvira tuna bahati kubwa zaidi. Katika mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, karibu saa nne za usiku, inasimama juu sana mbinguni upande wa kusini, na mahali pasipo na taa inaonekana kwa macho matupu.

Bahati nayo ilimsaidia. Miaka ya 1932 na 1933 jua lilikuwa katika kipindi chake cha utulivu. Lingekuwa kali, tabaka za juu za hewa zingefunga njia ya mawimbi ya urefu ule kwa masaa mengi zaidi, na jua lenyewe lingeongeza kelele zake.

Siku chache za sifa

Mwezi wa nne 1933 Jansky alisoma matokeo yake Washington, mbele ya mkutano wa wataalamu wa redio. Maandishi yaliyofuata, yaliyochapwa mwaka huo huo, yaliweka neno la tahadhari katika kichwa chake: mawimbi haya yaonekana kutoka nje ya dunia. Kisha likaja lile gazeti. Siku kumi baadaye, tarehe 15 mwezi wa tano, kituo cha redio WJZ cha New York kilirusha mlio wenyewe, ukapitishwa kwa waya kutoka Holmdel, na watu waliokaa sebuleni mwao wakasikia kwa sekunde chache kelele iliyoondoka katikati ya Njia ya Maziwa kabla Misri ya Mafarao haijakuwepo. Ule mwendo ni wa miaka zaidi ya elfu 25, hata kwa kasi ya mwanga.

Wapo waliouliza kama ni viumbe wanaotaka kuongea nasi. Jansky alijibu hapana: mlio ni ule ule daima, hauna alama yoyote ya akili nyuma yake.

Baada ya hapo palikuwa na ukimya mrefu. Watu wa elimu ya nyota walikuwa na darubini za vioo na hawakujua mambo ya redio. Wahandisi wa redio hawakujali nyota. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka, kampuni zinapunguza watu na masaa, na hakuna aliyetafuta matumizi mapya. Mwaka wa 1935 Jansky alichapa maandishi mengine akionyesha kwamba mlio unatoka kwenye mkanda wote wa Njia ya Maziwa, kwa nguvu zaidi katikati. Aliona pia tatizo: kama nyota ndizo zinazolia, kwa nini jua, nyota ya karibu kuliko zote, halisikiki? Akapendekeza kwamba labda chanzo ni chembe zenye umeme zilizoenea katika nafasi kati ya nyota. Hakuwa mbali na ukweli uliokuja kujulikana baadaye.

Kisha akaacha. Au aliachishwa. Juu ya hilo watu wamebishana hata leo.

Upande mmoja ni wa familia na marafiki. Wanasema alitamani kujenga antena kubwa zaidi, mahsusi kwa kusikiliza mbingu, na kwamba kampuni ilimwelekeza kwenye kazi zenye faida ya haraka. Barua alizowaandikia wazazi wake kule Madison, ambazo zilihifadhiwa, zinaonyesha mtu anayetaka kurudi kwenye nyota zake na kuhuzunika kwamba mkubwa wake ana mipango mingine. Upande wa pili ni wa Friis mwenyewe. Mwaka wa 1965, Jansky akiwa ameshakufa miaka 15, Friis aliandika katika jarida Science kwamba hakuwahi kumsikia akiomba kuendelea, na kwamba swali la kampuni lilikuwa limejibiwa: mlio ule ndio mpaka wa chini wa kelele, hakuna antena itakayoupunguza, basi kazi imekwisha.

Mimi naona wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Mfanyakazi mwenye mke, watoto wawili na ugonjwa usiopona, aliyepokelewa kazini kwa kusemewa, katika miaka ambayo watu walikuwa wanafukuzwa kila mahali, hapigi meza mbele ya mkubwa wake. Anaandika kwa baba yake. Na mkubwa asiyesikia ombi anaamini ombi halikuwepo.

Aliyeshika fimbo ya mbio hizo alikuwa mtu wa nje. Grote Reber, mhandisi kijana wa Illinois, alisoma maandishi ya Jansky na kuomba kazi Bell ili wafanye pamoja. Hakupata. Basi mwaka wa 1937, kwa pesa yake na mikono yake, akajenga sahani ya mita 9 hivi katika kiwanja cha nyumbani, mji wa Wheaton, majirani wakishangaa. Majaribio mawili ya kwanza hayakutoa kitu. La tatu, kwa masafa ya megahezi 160, lilikamata mlio, na Reber akachora ramani za kwanza za mbingu kwa redio. Kwa miaka kama kumi, alikuwa karibu peke yake duniani katika kazi hiyo.

Jansky alirudi kwenye kelele za telefoni. Vita vya pili vya dunia vilipokuja, ujuzi wake wa kutambua upande wa mawimbi ulipata kazi nyingine: vyombo vya kutafuta mahali adui anaporushia redio. Jeshi lilimpa cheti cha shukrani kwa hilo. Meli nyingi ziliokolewa baharini kwa mbinu za namna hiyo, kwa sababu manowari ya Kijerumani iliyotuma ujumbe, hata mfupi, ilikuwa imejionyesha. Baada ya vita alifanya kazi ya mashine za kuongeza nguvu za mawimbi.

Mwili ulikuwa unazidi kudai deni lake. Presha ilipanda, kama inavyotokea kwa wagonjwa wa mafigo. Tarehe 14 mwezi wa pili 1950 alikufa katika hospitali ya Red Bank, New Jersey, kwa kiharusi. Alikuwa na miaka 44. Wakati huo Waingereza na Waaustralia, waliotoka vitani na rada mikononi, walikuwa tayari wameanza kujenga juu ya msingi aliouweka. Zawadi ya Nobel ya kwanza katika elimu hiyo ilitolewa 1974. Nyingine ikaja 1978, kwa Arno Penzias na Robert Wilson, watu wa maabara ile ile ya Bell, waliofanya kazi Holmdel pale pale, nao wakifuatilia kelele ambayo hakuna aliyeitaka.

Jina lake kwenye mizani

Mwaka wa 1973 muungano wa kimataifa wa wanaastronomia ulikubali jina lake liwe kipimo cha nguvu za mawimbi kutoka mbinguni. Janski moja ni kitu kidogo mno: wati moja igawanywe kwa namba yenye sifuri 26, kwa kila mita ya mraba na kila hezi. Kwa hesabu rahisi, telefoni moja ya kawaida ikiwekwa juu ya mwezi na kurusha kwa nguvu ya wati moja, ingefika hapa na janski mia kadhaa, na ingekuwa miongoni mwa vyanzo vinavyosikika zaidi angani.

Mwaka wa 2012 jina hilo liliwekwa pia juu ya mtambo mkubwa wa jangwani, New Mexico: sahani 27, kila moja yenye upana wa mita 25 na uzito wa tani zaidi ya 200. Zimepangwa kwa umbo la herufi Y juu ya reli, na kila baada ya miezi kadhaa zinabebwa na kusogezwa. Zikikaribiana, zinaona eneo pana. Zikitawanyika kilometa nyingi, zinatofautisha pande kwa ukali mkubwa, kwa sababu ile ile iliyomfanya Jansky ajenge fremu ya mita 30.

Wazo hilo la kusogeza linarudi sasa katika telefoni zenyewe. Watafiti wanajaribu antena ndogo zinazoteleza juu ya njia fupi, sentimita chache tu, kwa kuwa wimbi la telefoni nalo ni la sentimita, siyo la mita 14. Antena moja ikipima hapa, kisha pale, kisha pale, mashine inalinganisha jinsi wimbi lilivyowahi au kuchelewa kila mahali, na inatoa upande wa anayepiga bila kuhitaji msitu wa antena zilizosimama. Anayepanda kilima kutafuta rezo na kusogea hatua mbili kushoto anafanya jambo la ukoo huo huo, kwa miguu.

Antena ya Holmdel haipo tena. Nakala yake imesimama Green Bank, West Virginia, kwenye kituo cha darubini za redio. Mahali penyewe palisahaulika hadi Wilson na mwenzake Tony Tyson walipotafuta kwenye picha na karatasi za zamani, wakapata shamba lilipokuwa. Mwaka wa 1998 pakawekwa mnara mdogo wenye umbo la antena ile. Hauzunguki. Umeelekezwa upande ambao magurudumu ya Ford yalikuwa yameigeuza antena jioni ya tarehe 16 mwezi wa tisa 1932, saa moja na dakika kumi, kalamu ilipopanda.